Miaka Ambayo Timu Haikuitwa

Jumapili asubuhi, masika

Mvua ilianza kabla ya adhana ya alfajiri na mpaka sasa haijapumzika. Kutoka dirishani naona uwanja wa shule umejaa maji. Mistari ya chokaa niliyoichora Ijumaa, nimepiga magoti, imeyeyuka, na maji yaliyotuama chini ya goli yamekuwa meupe kama tui la pili. Viti vya kukodi bado vimepangwa chini ya turubai. Mwenye viti amesema hatakuja kuvichukua mpaka anga lifunguke.

Nimeamka na moyo mzito. Siumwi. Jana nilimwambia mtu ninayempenda jambo la kweli, na leo sijui kama nililisema kwa wema.

Niandike tu. Nyinyi wachache mnaonisoma hapa mmeshazoea kunikuta hivi.

Jana walikuja wasichana wa timu ya taifa ya mpira wa kikapu. Wamekuwa kambini Dar wakijiandaa na mashindano ya nje ya nchi, na uongozi ukaona waje Bagamoyo kwa siku moja. Wacheze mechi ya kirafiki na mseto wa timu za huku, wapigwe picha na wachezaji wa zamani, wale chakula cha mchana, warudi. Mimi ndiye mwalimu wa michezo, kwa hiyo uwanja, viti, maji na turubai vyote vilikuwa juu yangu. Niliipokea kazi hiyo kwa furaha. Katika wale wasichana yumo Zena, na Zena ni wangu.

Si kwa kumzaa. Wazazi wake ni wakulima wa ufuta wa Miono. Alikuja kukaa bweni hapa kwetu akiwa kidato cha kwanza, mrefu kuliko walimu wengi, mabega kayakunja kama anayewaomba watu radhi kwa urefu wake. Alikuwa amecheza netiboli tangu shule ya msingi. Nilipomrushia mpira wa kikapu mara ya kwanza aliudaka vizuri sana, kisha akasimama tuli anatafuta wa kumpasia. Nikamwambia, "Dunda, tembea nao!" Akatazama miguu yake kama imefungwa kamba. Ilituchukua muhula mzima kuifungua miguu ile. Ilipofunguka, alitoka na mpira chini ya goli letu mpaka chini ya goli la wenzake, na hakuna aliyemzuia kwa sababu wote walikuwa wamesimama wanamshangaa.

Nilikwenda nyumbani siku ile nikaketi jikoni bila kupika.

Mgeni wangu mwingine jana alikuwa Bi Hansa. Wa Bagamoyo mnamjua, mama wa Kihindi mwenye duka la vyombo na vitambaa, anayekuuliza habari za wazazi wako kabla hajakuuliza unataka nini. Wengi hawajui kwamba miaka ya themanini alikuwa mchezeshaji wa timu ya taifa, yule anayeupandisha mpira na kuamua nani apewe. Baba yake, mzee wa Kihindu aliyeshika mila, hakutaka kusikia habari ya bukta. Hansa akawa anaivaa chini ya gauni la panjabi, anaaga kwamba anakwenda kwa shangazi, analivulia uwanjani. Siku moja, mechi imepamba moto, akamwona baba yake amesimama nyuma ya watazamaji na mwavuli mkononi. Mzee hakumwita wala hakumgombeza. Jioni alikula, akanawa, akasema tu, "Yule mrefu wenu hakurudishii mpira kwa wakati." Tangu hapo bukta ikaanikwa kambani pamoja na nguo nyingine.

Zama zao timu ilikuwa ya wanawake wa makazini. Askari, makarani wa mashirika ya umma, wauguzi, walimu. Ikifika alasiri walikuwa wanaruhusiwa kuondoka ofisini kwenda mazoezini, na bosi alijisifu kwamba ana mchezaji wa taifa idarani kwake. Viwanja vya saruji viliwachubua magoti. Raba zao zilikuwa za turubai, na zikitoboka soli walikata boksi wakaweka ndani. Lakini watu walijaa kuwatazama.

Kisha zikaja zama zangu.

Mashirika yakaanza kufungwa, na kila lililofungwa lilikwenda na timu yake. Nilikuwa msichana mwenye miguu myepesi na kiburi, na nilikuwa hodari. Leo nalisema bila haya, kwa sababu limeshakuwa halina faida. Niliitwa kambi ya taifa mara tatu. Ya kwanza ilivunjwa kwa kukosa nauli. Ya pili hatukuambiwa sababu. Ya tatu tulikuwa tumeshapimwa jezi. Mwenzetu mmoja alikuwa amemwachia bibi yake mtoto wa kunyonya ili aje kambini, na maziwa yalikuwa yakimtoka mazoezini, yakilowesha fulana. Tukaitwa kwenye ukumbi wa kulia, tukaambiwa, "Nendeni nyumbani, mtaitwa."

Hatukuitwa.

Ikapita miaka ambayo nchi haikuwa na timu ya wanawake ya kuitwa kwa jina hilo. Ilipofufuliwa, mimi nilikuwa nimeolewa, nimezaa, na goti la kushoto linanijulisha mvua kabla ya mawingu. Wakaingia wasichana wa mashule, halafu wa vituo vya kulea vipaji, na sasa wamo hata waliopata nafasi za kusoma Marekani kwa ajili ya mpira. Wa jana walishuka kwenye basi na visikilizi vidogo masikioni, raba zao zinang'aa, wanazungumza Kiswahili na Kiingereza katika sentensi moja. Wengine wamesuka, wengine wamenyoa, na watatu, Zena akiwamo, wamevaa hijabu za michezo na suruali za kubana chini ya bukta.

Bi Hansa alimtazama Zena toka juu mpaka chini, akacheka. "Sisi tuligombana na wazazi tuvue. Nyinyi mmevaa tena."

"Bi Hansa, mimi sikulazimishwa na mtu," Zena akamjibu kwa adabu, akitabasamu.

"Najua, mwanangu. Na mimi sikulazimishwa kuvua."

Wakashikana mikono. Nilifurahi kuwaona hivyo, yule mfupi mwenye nywele nyeupe na huyu mrefu. Nikafikiri, hawa ndio timu, mwanzo na mwisho. Sikufikiri chochote kuhusu katikati mpaka mapumziko ya mechi, ulipofika wakati wa picha.

Mshereheshaji alikuwa kijana mchangamfu kutoka Dar. Akawapanga kwa miongo. Akaita waliocheza miaka ya themanini, wakaja Bi Hansa na wenzake wawili, mmoja akitembelea fimbo. Akaita waliowafuatia, akaja mama mmoja mstaafu wa jeshi, amenyooka kama mlingoti. Halafu akasema, "Na sasa, kizazi cha leo!" Wasichana wakamiminika kwa vifijo, wakachuchumaa mbele ya wazee wao.

Nilikuwa pembeni na katoni ya maji mikononi.

"Na Saida je?" Bi Hansa akapaza sauti kutoka kwenye mstari. "Saida, njoo huku!"

Mshereheshaji akanigeukia na kipaza sauti chake. Hakuwa na ubaya wowote. "Kumbe Mwalimu naye ni mkongwe! Mwalimu, ulichezea taifa mwaka gani?"

Watu wote wakanitazama, wanafunzi wangu, wazazi, mwalimu mkuu.

"Sikuchezea," nikasema.

Kuna mtu aliyecheka, nadhani kwa kutojua afanye nini. Mshereheshaji akasema haya, tuwapigie makofi walimu wetu, na makofi yakapigwa. Mpiga picha akainua kamera, akaishusha, akanipungia mkono nisogee. "Samahani Mwalimu, kivuli chako kinaingia."

Nikasogea.

Nimeandika hayo ili mjue nilikuwa katika hali gani kwa yaliyofuata. Sitaki kujitetea nayo.

Asubuhi, kabla ya yote hayo, Zena alinivuta kando kunipa habari. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea usindikaji wa samaki huko chuoni Mbegani. Mama yake alikuwa ameiombea dua nafasi ile mwaka mzima. Anatakiwa aripoti kesho Jumatatu, na asiporipoti atapewa mwingine aliye kwenye foleni. Lakini Jumatatu hiyohiyo timu inaanza maandalizi ya mwisho ya safari. "Nimechagua, Mwalimu," akaniambia, uso unamwaka. "Leo leo, baada ya chakula, nawapigia niwaambie wampe mwingine."

Nikamwuliza mama amesema nini. Akasema mama hajui bado.

 Nilisema moyoni, wacha, huyu yuko na timu iliyo hai. Zama zimebadilika.

Baada ya picha, mapumziko yakiendelea, nilikwenda nyuma ya madarasa kuangalia kama tangi la maji bado lina kitu. Kiongozi wa msafara alikuwa pale, Kaka Mussa, mtu mpole ambaye naye alicheza zamani kwa wanaume. Alikuwa amenipa mgongo, anazungumza na simu kwa sauti ya chini. Nikasikia, "Kwa hiyo mfadhili ndiyo kajitoa kabisa?" Akasikiliza. Kisha akasema, "Basi wasichana tusiwaambie leo. Warudi Dar, kesho asubuhi watangaziwe kambi imevunjwa, wapewe nauli zao."

Alipogeuka tukatazamana. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mwalimu, nakuomba," akasema. "Waache wafurahi hata leo."

Sasa nifike mahali penyewe. Kabla sijasikitika, kabla sijamfikiria Zena, kuna kitu kilipita kifuani mwangu haraka kama panya anavyokatiza ukumbini. Kilikuwa faraja. Dakika chache nyuma nilikuwa nimeondolewa kwenye picha kwa sababu ya kivuli, na hapo nikasikia kwamba na hawa pia watarudishwa nyumbani. Hawa wenye raba zinazong'aa. 

Kilipita. Lakini nilikiona, na siwezi kusema sikukiona.

Nikamwita Zena. Tukasimama kando ya tangi, jasho linamtiririka, kikombe cha maji mkononi. Nikamwambia nilichosikia, kama kilivyo. Nikamwambia asiwapigie Mbegani.

"Umesikia vibaya," akasema.

"Sikusikia vibaya, Zena."

"Kocha ametuambia jana tu tulete pasipoti."

"Nasi tulipimwa jezi."

 Zena hajawahi kuniinulia sauti tangu nimjue, na hata jana hakuiinua. Alisema polepole, kama anayesoma kitu kilichoandikwa usoni kwangu.

"Mwalimu, wewe hukuivaa ile jezi. Ndiyo maana kila kambi unaiona imevunjika."

Akaweka kikombe juu ya tangi, akarudi uwanjani.

Kipindi cha pili alicheza kama mtu anayebomoa nyumba. Alichukua mipira ya juu yote, ya kwao na ya kwetu. Kila alipofunga watu waliinuka, na kila alipofunga hakutazama upande niliokuwa. Bi Hansa alikuwa anapiga makofi mpaka bangili zinalia, anasema, "Huyu! Huyu!" Mimi nilikuwa najua anachokicheza. Alikuwa anacheza ili maneno yangu yawe uongo.

Baada ya chakula nilimwona kwa mbali, simu sikioni, anatembea huku na huku karibu na lango. Sikumsogelea. Basi lilipoondoka wasichana walipunga mikono madirishani. Yeye alikuwa amekaa upande wa pili.

Nikamtumia ujumbe jioni, kisha mwingine. Alama zinaonyesha amesoma. Hajajibu.

Niishie hapa kwanza. Kuna mtu anabisha hodi, na mvua yote hii.

*

Baada ya magharibi

Aliyebisha alikuwa Bi Hansa. Alikuja na mwavuli uliopinduka mbavu, viatu mkononi, sari imepandishwa mpaka kwenye mashavu ya miguu. Nikamwambia shikamoo, akaitika marahaba hata kabla hajavuka kizingiti, kisha akanigombeza kwa kukaa gizani mchana. Umeme ulikuwa umekatika. Alileta vitumbua vilivyofungwa kwenye karatasi ya dukani kwake.

Alikuja kwa sababu ya picha. Alisema hakulala vizuri. "Nilikuita mimi. Nikakuaibisha mbele za watu."

Nikamwambia hakunikosea. Halafu nikamweleza yote, ya simu, ya Mbegani, ya tangi, ya maneno ya Zena. Hata ya faraja nilimweleza, ingawa niliyasema huku nikitazama sakafu. Alisikiliza anatafuna. Nilitegemea aniambie si kitu, kila mtu huwa hivyo. Hakusema.

Nikamwuliza jambo ambalo sijawahi kuthubutu kumwuliza kwa miaka yote tuliyojuana. Jezi yake iko wapi?

Akafikiri. "Mwanangu Kiran alipokuwa mdogo nilikuwa namvalisha akilala. Ikapauka. Ikatoboka hapa." Akagusa ubavu wake. "Halafu nikawa nasafishia nayo chemni za taa pale dukani, zamani tulipokuwa tunauza taa. Kitambaa chake kilikuwa kizuri, hakiachi nyuzi."

"Ulisafishia taa?"

"Sasa niifanye nini, Saida? Tulikwenda nje, tukafungwa. Tukaenda tena, tukafungwa kidogo zaidi. Mara moja tulishinda, na kulikuwa na baridi, na hakuna aliyetupokea tuliporudi kwa sababu gari lilichelewa. Niliporudi, baba akanipa funguo za duka nifungue asubuhi."

Nilianza kucheka, na kicheko kikageuka. Nusu ya maisha yangu nimekionea wivu kitu kilichokuwa kinapangusiwa masizi. Bi Hansa akangoja nimalize kujifuta. Alikuwa anajua ninachotaka aseme, kwamba basi, tuko sawa, wewe na mimi.

"Lakini niliivaa," akasema. "Sitakudanganya kwamba ni sawasawa. Siyo sawasawa."

Namshukuru. Liliniuma lakini namshukuru. Watu wengi wamenipa pole kwa jambo hili, na yeye ndiye wa kwanza kukubali kwamba kweli lilikuwapo jambo la kupewa pole.

Aliondoka mvua ilipopungua. Sikuwa nimeosha hata vikombe nilipoona mtu anakuja kupitia uwanjani, anakanyaga yale maji meupe bila kuyakwepa. Alikuwa amebeba begi kubwa la timu begani. Nilimjua kwa mabega. Alikuwa ameyakunja tena, kama siku ya kwanza alipokuja bweni.

Zena hakuja kwangu kwa mapenzi. Hilo alilisema mwenyewe akiwa bado mlangoni. "Barabara ya Miono imekatika, Mwalimu. Magari yote yameishia njiani. Sina pa kulala."

Nikampokea begi. Nikampa kanga kavu na kitanda cha binti yangu, ambaye yuko shule Tanga. Nikampa chai na vitumbua vya Bi Hansa. Alikula bila kuinua kichwa. Mvua ikaanza tena juu ya bati, tukawa hatuwezi kusikizana hata kama tungetaka.

Ilipotulia akaanza mwenyewe, maneno yanatoka vipande vipande. Waliamshwa mapema, wakaitwa kwenye ukumbi. Kaka Mussa ndiye aliyesimama mbele, na alishindwa kumaliza, kocha akamalizia. Wale wanaosoma Marekani wakaanza kupiga simu kubadilisha tiketi zao. Msichana mmoja akaomba abaki na jezi, akaambiwa zihesabiwe zote zirudishwe. Nahodha wao akawaombea dua. Halafu kila mtu akatafuta gari.

"Wametuambia tutaitwa," akasema.

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nikakiweka chini taratibu.

 Yule mtu wa ndani yangu aliyepata faraja jana, nilimtafuta nikamkosa. Ilikuwa huzuni tupu, na haikuwa yangu peke yangu. Niliona ukumbi wetu ule wa kulia, na yule mwenzetu mwenye fulana iliyolowa maziwa, na nikaona kwamba wasichana hawa wana kila kitu ambacho sisi hatukuwa nacho, vituo, makocha waliosoma, viatu, vyuo vya ng'ambo, isipokuwa mtu wa kuwahakikishia kwamba kesho bado watakuwa timu. Hilo, miaka yote ile haijalirekebisha.

"Mwalimu," akasema, "nyinyi mlipofukuzwa, wewe ulifanya nini?"

Hajawahi kuniuliza. Hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kuniuliza.

"Nilisubiri," nikamwambia.

"Ulisubiri vipi?"

Nikamweleza. Kwamba kulikuwa na kazi ya ualimu Mkange, shule nzuri, nyumba inatolewa, nikaikataa kwa sababu Mkange hakuna uwanja na huenda wakaniita. Kwamba kila asubuhi nilikimbia pwani mpaka jasho likauke kwa upepo, na kila mchana nilipita posta kuuliza kama kuna barua. Kwamba alitokea mtu wa kunioa nikamwambia angoje, akangoja, akachoka, akaoa kwingine. Kwamba haukuwapo wakati hata mmoja nilipoamua kuacha. Siku moja niligundua tu kwamba nilikuwa nimepita mbele ya posta bila kuingia.

Zena alikuwa ananitazama. 

"Uliwapigia Mbegani?" nikauliza mwisho.

Akatikisa kichwa. "Niliishika simu. Nikaiweka sikioni. Nilitaka unione naongea." Akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Nilikuwa na hasira na wewe. Bado ninayo. Lakini sikupiga."

Kwa hiyo nafasi ipo. Nafasi ya samaki, ya gauni jeupe na kofia ya plastiki na harufu itakayomfuata mpaka kitandani. Ni riziki, na mama yake atashukuru. Ningependa kuandika kwamba nilifurahi. Nilimtazama pale kwenye kiti changu kifupi, miguu yake ile mirefu imekunjwa haina pa kwenda, nikakumbuka ilivyokuwa imefungwa, na jinsi nilivyoifungua mwenyewe. Ningemwacha na netiboli yake, leo asingekuwa analia.

Akainuka kwenda kulala na jua halijazama. Mlangoni akageuka.

"Niamshe alfajiri, Mwalimu. Niwahi kuripoti."

"Nitakuamsha. Nitakusindikiza."

"Lakini wakituita tena nitakwenda," akasema. "Nataka ujue. Hata kama nitakuwa katikati ya mtihani. Nitakwenda."

Jana ningemjibu. Jana nilikuwa na majibu. Nilimtazama, na maneno yalikuwa hapa mdomoni, kwamba hawataita, na wakiita watavunja, na yeye ataamka siku moja ana miaka yangu. Nikayameza.

"Sawa," nikasema. "Nenda."

Sasa yuko chumbani, nasikia anavyogeuka kitandani, kitanda ni kifupi kwake. Mvua imebaki matone tu ya kwenye makuti ya jirani. Nimeshamtengea maji ya kuoga na nimeipiga pasi sketi ya binti yangu, itamfika juu ya vifundo lakini itafaa kwa siku moja ya kuripoti.

Jana nilisema kweli na kweli ikanitia shaka. Leo nimenyamaza, na shaka ni ileile. Je, nilimwambia "nenda" kwa ajili yake, au ni yule msichana wa ukumbi wa kulia ndiye aliyejibu, ambaye mpaka leo hajaamini kwamba hawakumwita?

Sijui. Alfajiri nitagonga mlango wake.